Kidole cha Shemeji

Wenye maduka walimwita Bwana Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa mizani, mtumishi wa ofisi ya vipimo, mtu mfupi mwenye kitambi cha heshima na sanduku la mbao lililojaa mawe ya shaba. Akiingia sokoni, habari zilimtangulia. Vidole gumba viliondoka haraka kwenye sahani za mizani, vijiwe vilivyogandishwa kwa nta chini ya sahani vilibanduliwa, na wauza nyama wakakumbuka ghafla kuwasalimia wateja. Yeye hakuwa na haraka. Alifungua sanduku, akaweka jiwe la kilo moja, akainama mpaka jicho likalingana na mshale, kisha akasema kwa upole, "Mizani yako ina mjomba." Maana yake ni kwamba kuna mtu anaibeba. Hapo hapakuwa na kusihi tena. Mizani ilifungwa waya ikagongwa muhuri, na mwenye duka akabaki kupima maneno.

Sasa mtu kama huyo, daktari alipomwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari na kwamba nusu ya dawa yake ni kupima, wengi tungedhani atafurahi. Apime chakula, apime uzito, apime damu asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Mkewe ndiye aliyefurahi. "Umepata ugonjwa wa fani yako," alimwambia walipotoka kliniki. Lakini mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Bwana Gramu, aliyekuwa amepima dunia nzima kwa zaidi ya nusu ya umri wake, aligundua kwamba hapendi hata kidogo kupimwa.

Na bahati mbaya yake nyingine ni kwamba alikuwa amemwoa mwalimu wa hesabu. Watu wote walimwita mkewe Mwalimu, naye mumewe alimwita hivyohivyo, hata chumbani. Watoto wao walikwisha kuoa na kuolewa, kila mmoja na kwake, kwa hiyo nyumbani alibaki mwanafunzi mmoja tu. Mwalimu alichukua sahani ya mumewe, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, akaichora mistari kwa rangi ya kucha. Nusu nzima ni mboga. Robo ni samaki, au maharage, au yai. Robo iliyobaki ni wali au viazi, na mstari haurukwi.

Wiki ya kwanza Bwana Gramu alianza kuhisi kwamba anapunjwa. Alikuwa na pua ya mambo hayo. Siku moja akarudi na mizani ndogo ya ofisini, akaiweka mezani mbele ya mkewe, akapanga mawe yake, akamwaga ule wali kwenye sahani ya mizani na kuinama jicho likalingana na mshale. Akakuta kapewa zaidi ya kile muuguzi wa kliniki alichoandika. Mwalimu, ambaye kwa siku zote zile alikuwa akimwongezea kijiko kwa huruma, alikipunguza palepale bila neno, na tangu siku ile hakuna kijiko cha huruma kilichoonekana tena katika nyumba hiyo. Ukitaka haki mpaka gramu ya mwisho, wakati mwingine unaipata.

Kilichomtia hofu zaidi ni mashine. Ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, ya kijivu, yenye kioo cha kuonyesha namba. Kila asubuhi Bwana Gramu alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akachomeka kijikaratasi cha kupimia, akajitoboa ubavuni mwa kidole ambako hakuumi sana, akagusisha tone la damu. Mashine ilihesabu kimyakimya, na Mwalimu alisimama nyuma yake kama msimamizi wa mtihani.

"Sita nukta mbili. Vizuri."

Au, "Tisa. Jana ulikula nini?"

"Ulichonipa."

"Na nini kingine?"

Kisha kikafuata kimya. Bwana Gramu alikijua sana kimya kile. Alikuwa akikitumia sokoni. Hakuwahi kukaa upande huu wake.

Tusimwonee, maana maendeleo yalikuwepo. Mkanda wake ulitaka tundu jipya, na zile nyayo zilizokuwa zikiwaka moto jioni zilikuwa zimetulia. Mwalimu naye hakuwa mkali kwa kupenda ukali. Baba yake mzazi aliondoka kwa ugonjwa huohuo, kidogo kidogo, kwanza macho, kisha mguu, kisha yote. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Alichofanya ni kutoa hukumu. Siku ya kliniki ilikuwa inakaribia, na jioni moja mezani alitangaza kwamba namba ikipanda tena wiki hii, ataomba likizo amfuate mumewe sokoni, duka kwa duka, na chakula chake kwenye kikapu. "Nitakaa pembeni ya sanduku lako. Saa ya kula ikifika, nitakulisha."

Bwana Gramu aliiona picha ile vizuri sana. Aliwaona wauza nyama wamepanga mstari, wamekunja mikono, wanatazama. Usingizi ulimpaa.

Sasa kulikuwa na mtu wa tatu katika nyumba hii. Mdogo wake Mwalimu, fundi wa kupaka rangi, alikaa chumba cha uani tangu alipoachana na mkewe. Alikuwa mcheshi, mrefu, mwembamba kama ufito, na Bwana Gramu alimpenda, isipokuwa saa za kula. Shemeji alikula vyote vile ambavyo sheria ilimkataza mwenzake. Wali wake ulikuwa mlima. Chai yake kijiko kilisimama wima kwa sukari. Mkate aliupaka asali pande mbili, akalamba na vidole. Na bado alikonda! Kila mwezi suruali yake ililegea, kila mwezi akaikaza kwa kamba ya katani, na Bwana Gramu akiwa mbele ya kilima chake cha kabichi alitazama dhuluma hiyo kwa uchungu wa kweli.

"Siri yako nini, shemeji?"

"Ngazi, shemeji. Panda ngazi kutwa nzima, utaona. Kitambi hakijui kupanda."

Akacheka, akamimina jagi zima la maji kooni, akaenda chooni. Alikuwa akienda chooni mara nyingi siku hizo. Mwalimu alisema ni joto.

Basi ofisini kwao mwenzao mmoja akastaafu, na ofisi ikamfanyia sherehe ndogo alasiri. Kulikuwa na keki ya tabaka mbili, na juu yake wameandika pongezi kwa krimu ya waridi. Kipande cha kwanza Bwana Gramu alikila kwa adabu, maana kukataa kungemvunja moyo mstaafu. Cha pili alikila kwa kumbukumbu ya miaka waliyofanya kazi pamoja. Cha tatu alikila kwa sababu hakuna aliyekuwa anatazama. Akateremshia na soda nyekundu, baridi, akafumba macho. Jioni nyumbani alikula kabichi yake kwa uso wa mcha Mungu, akaisukuma hata ile robo ya viazi. Mwalimu akamsifu. Sifa zile zilimkaa vibaya tumboni kuliko keki.

Asubuhi yake Mwalimu alikuwa na haraka, shuleni kuna mtihani na yeye ni msimamizi. Akiwa bafuni alipaza sauti, "Pima, uniachie mashine mezani, nitaangalia mwenyewe!" Mashine ile ilikuwa na tabia moja mbaya, inakumbuka. Kila namba iliyopita ilikaa ndani yake, na Mwalimu alikijua kibonyezo cha kuirudisha.

Bwana Gramu alinawa mikono. Akachomeka kijikaratasi. Akakitazama kidole chake, naye akajua kama anavyojua jina lake kwamba ndani ya kidole kile kuna keki. Akainua macho. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na pale bombani Shemeji alikuwa anapiga mswaki, kidevu kimejaa povu, hana habari na dunia.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na asubuhi ile nyani alikuwa amevaa shati la kazi lenye nembo ya ofisi ya vipimo.

"Shemeji," aliita kwa sauti ya chini.

"Naam, shemeji."

"Niazime kidole."

"Kidole?"

"Kimoja tu. Nitakurudishia sasa hivi."

Shemeji alitazama mashine, akatazama mlango wa bafu, akacheka mpaka povu likamdondokea kifuani. "Ni keki, eeh? Koti lako lilinuka vanila tangu jana. Shukuru dada ana mafua."

"Punguza sauti, bwana wewe! Lete mkono."

Alibadilisha sindano kwanza, akaweka mpya. Huyo ndiye Bwana Gramu, hata anapodanganya anafuata kanuni. Akamtoboa, tone likatoka, mashine ikahesabu. Wote wawili wakainamisha vichwa, mmoja akitaraji kuokolewa na mwingine akitaraji kucheka.

Ishirini na sita.

"Nimeshinda?" aliuliza Shemeji.

Wazo la kwanza la Bwana Gramu lilikuwa kwamba mashine imeharibika, lakini katika kazi yake huwezi kuilaumu mizani kabla hujaijaribu. Pengine kidole kilikuwa na asali. Akamnawisha mikono yote miwili kwa sabuni kama mtoto mchanga, akamkausha kwa ncha ya shati lake, akaweka sindano nyingine, akatoboa kidole kingine. Ishirini na sita tena, na kidogo juu yake. Akajipima mwenyewe. Tisa na nusu. Namba mbaya, ya keki tupu, lakini ya kweli. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima.

"Shemeji, vaa shati. Twende hospitali."

"Kwa mashine hii? Imelewa keki yako hii."

"Sitanii. Maji unakunywa kama ngamia."

"Jua."

"Unakonda."

"Si nilikwambia, ngazi."

"Na macho je? Juzi mwenye nyumba amelalamika, rangi ya dirisha imepanda kwenye kioo. Wewe huwa hukosei hata unywele."

Shemeji akasukutua, akatema. "Brashi ilikuwa mbovu," alisema. "Leo namaliza ile ghorofa, mwenyewe anahamia kesho. Nikimaliza tutaona." Akamkaribia, akamnong'oneza kwa furaha ya mtu aliyeshika turufu. "Na ukimwambia dada, itabidi umwambie ulikuwa unatafuta nini kwenye kidole changu."

Akajitwika ngazi akaondoka. Langoni alisimama, akaegemea nguzo, akapumua, kisha akaendelea. Bwana Gramu hakuwahi kumwona akipumzika langoni.

Mlango wa bafu ukalia. Na hapa, jamani, sina namna ya kumtetea. Mtu huyu aliyewafungia mizani wajane alichukua ile mashine yenye namba tatu tumboni, akaitumbukiza katika sanduku la mawe na kufunga kifuniko.

"Ngapi?" Mwalimu aliuliza, taulo begani.

"Betri imekwisha. Nitanunua nikirudi."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, kwa muda ambao mwanafunzi yeyote angekiri. Lakini mtihani ulikuwa unamngoja. Akachukua mkoba akaenda.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Gramu iliishia kwenye meza ya kwanza ya soko. Hapo alikuwepo mama mmoja muuza maharage, mnene, mwenye sauti ya kuita watu kutoka barabarani. Mizani yake ilikuwa imeegeshwa kibao upande mmoja, kitu kidogo tu, unene wa kadi. Bwana Gramu alikiona kabla hajakaa. Akakitoa, akakiweka juu ya meza, akaanza kupanga mawe yake.

"Nisamehe, baba," yule mama alisema. "Ni leo tu. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Maharage yamepanda. Nikipandisha bei, si wateja watanikimbia? Nikawaza, nikifika jioni nitakitoa mwenyewe, hakuna atakayeumia."

Bwana Gramu alikuwa na hotuba ya jambo hilo. Alikuwa ameitoa mara nyingi kuliko sala zake, kwamba anayengoja jioni ndipo awe mwaminifu tayari kuna mtu amekula hasara asubuhi. Akafungua mdomo aitoe. Hotuba haikutoka. Mbele ya macho yake alimwona mtu mwembamba ameegemea nguzo ya lango, anapumua. Akarudisha mawe sandukuni, moja moja, akikosea nafasi zake, mpaka yule mama akamsogezea kigoda akidhani amepatwa na kizunguzungu.

"Itengeneze mizani yako, mama," alisema, akaondoka bila kugonga muhuri. Soko lilijadili muujiza huo wiki nzima.

Alikwenda kwenye ghorofa. Shemeji alikuwa juu kabisa, mkono mmoja umeshika ngazi, mwingine umeshika brashi, na brashi haikuwa inapaka kitu. Chini ya ngazi zilipangwa chupa tupu za soda. Alikuwa amejaribu kukata kiu kwa kitu kilekile kilichoileta. Bwana Gramu akaita. Shemeji akajibu bila kugeuka, maneno yake yakivutana.

"Naja... napumzika kidogo, shemeji."

"Shuka!"

"Nimesema naja."

Hakuja. Bwana Gramu aliita, akabembeleza, akatishia kupanda, akapanda vidato viwili na ngazi ikayumba, akashuka. Shemeji ni mtu wa kutaniana naye. Kumwamuru ni jambo lingine. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kumwamuru fundi yule, na mtu huyo alikuwa darasani anasimamia mtihani, na kumwendea kulikuwa na maana ya kumwambia yote, kuanzia krimu ya waridi. Bwana Gramu alimwomba mwashi aliyekuwa pale chini ashike ngazi kwa mikono miwili asiiachie kwa lolote lile. Kisha akakimbia. Kwa umri wake na sanduku lile mkononi, watu walisimama kumtazama.

Shule ilikuwa kimya kama kaburi. Akasimama kwenye mlango wa darasa, jasho linamchuruzika, na Mwalimu akatoka akiurudisha mlango nyuma yake, lakini haukufunga vizuri.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ningoje nyumbani, watoto wako kwenye mtihani."

"Mwalimu, betri haikwisha."

Akayasema yote kwa pumzi moja, kabla moyo haujamgeuka. Kwamba jana alikula keki, vipande vitatu, na soda. Kwamba asubuhi aliogopa kikapu, akaazima kidole cha mdogo wake. Kwamba kidole kile kilitoa ishirini na sita, akakinawisha, akarudia, ishirini na sita. "Yuko juu ya ngazi sasa hivi, anaongea kama mlevi, na mimi hanisikii." Ndani ya darasa mtoto mmoja alicheka neno keki, wenzake wakamnyamazisha.

Mwalimu alinyoosha mkono. Bwana Gramu akafungua sanduku, akampa mashine. Mwalimu akabonyeza mwenyewe, akasoma namba ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma ya tatu. Bwana Gramu alingoja radi. Haikupiga. Mwalimu alivua miwani, na bila miwani uso wake ulikuwa wa msichana aliyeogopa. Akagonga darasa la jirani, akamwomba mwenzake amshikie mtihani.

"Twende," alisema.

Walipofika, mwashi alikuwa bado ameishika ngazi, mikono imemfa ganzi. Mwalimu hakupiga kelele. Alisimama chini, akaweka mikono kiunoni.

"Teremka."

"Dada, nimebakiza huku—"

"Teremka, nimesema. Mguu wa kushoto kwanza. Sasa wa kulia. Tazama mikono yako, usitazame chini."

Akateremka kama mtoto wa darasa la kwanza, kidato kwa kidato, kwa sauti ya dada yake. Kwenye kidato cha mwisho magoti yakamwisha. Bwana Gramu ndiye aliyemdaka. Alikuwa mtu wa kupima uzito maisha yake yote, na alipokuwa amemshika mikononi mwake mwili ule mrefu alijua kwamba huo si uzito wa mtu mzima. Pumzi ya Shemeji ilinuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bwana Gramu alianza kulia pale pale, mbele ya mafundi, na hakujali.

Hospitali hawakuulizwa maswali mengi. Wauguzi walichukua damu kidoleni, wakachukua mkojo, wakamlaza, wakamtundikia maji mkono huu na dawa mkono ule. Alasiri daktari alitoka, mwanamke mwenye sauti ya chini, akawaeleza kwamba sukari ilikuwa imemkausha kwa wiki nyingi, na kwamba mwili wake ulikuwa umeanza kujila wenyewe ndiyo maana alikonda. Atapona hali hii, alisema, lakini sindano za insulini zitakuwa zake sasa, pamoja na mashine, pamoja na sahani. "Mngemleta kesho kutwa..." alisema, na hakumalizia. Akatazama karatasi yake. "Nani aligundua?"

"Mume wangu," Mwalimu alijibu upesi. "Ni mkaguzi."

Daktari akampa Bwana Gramu mkono wa pongezi. Alitamani sakafu ipasuke.

Wakabaki wawili kwenye benchi la ukumbini. Vidole vya Mwalimu vilikuwa bado vyeupe kwa chaki. Mumewe alikaa mkao wa mshtakiwa, sanduku katikati ya miguu, akingoja zamu yake.

"Ulikuwa na jambo hili tangu nilipokuwa bafuni," Mwalimu alisema hatimaye.

"Tangu hapo."

"Ulikwenda sokoni nalo."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukugonga mlango tu? Ni mbao, baba. Ungegonga."

Angeweza kusema kazi. Angeweza kusema hakuwa na hakika na mashine, na ingekuwa karibu na kweli. "Nilikuogopa," alisema.

Mwalimu aligeuka akamtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimtisha Bwana Gramu kuliko hasira.

"Ungeniogopa mpaka jioni," alisema, "usiku huu ningekuwa nanunua sanda." Akafuta macho kwa nyuma ya mkono, chaki ikamwachia mstari shavuni. "Unajua baba yetu alikula wapi? Chumbani. Mlango ameufunga kwa ufunguo. Mama alikuwa mkali, mkali kama mimi, kwa sababu alimpenda na hakutaka afe. Na mzee akajifungia na mkate wake humo ndani mpaka macho yakaondoka. Mimi nilikuwa nausikia ule ufunguo. Nilikuwa mdogo nikaapa kwamba nyumba yangu haitakuwa na ufunguo kama ule."

Bwana Gramu akamshika mkono, akampangusa chaki kidole kwa kidole.

"Nidanganye mambo mengine yote," Mwalimu alisema. "Bei ya nyama, ulikopita, ukitaka. Lakini usiniogope. Umenisikia? Usiniogope tena."

Alilifikiria ombi lile kwa uaminifu, kama anavyofikiria kila kitu kinachowekwa mbele yake.

"Hiyo kazi ni ngumu, Mwalimu," alisema. "Nipe muda."

Mwalimu akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akauweka uso wake begani kwa mumewe, juu ya nembo ya ofisi ya vipimo, akalia kwa sauti kama alivyostahili kulia zamani alipokuwa mdogo. Muuguzi akachungulia mlangoni, akawaomba wapunguze sauti, kuna wagonjwa wamelala.